Kigari cha watoto wawili London: cha ubavu kwa ubavu au cha foleni?

Mama Nasra

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa kigari cha watoto wawili kwa matumizi ya hapa London.

Mkubwa atakuwa na miezi 20 mdogo akizaliwa Oktoba, in shaa Allah. Sasa ana kilo 11 na nusu, mchana bado analala, na ukimwachia mkono anakimbilia barabarani. Tunakaa flati ya ghorofa ya nne kwenye jengo la halmashauri. Lifti ipo, ila ndogo. Gari hatuna, ni basi kila siku na treni ya Elizabeth line mara mojamoja. Kigari cha mtoto mmoja tunacho, chepesi, lakini kiti chake hakilali chini kabisa.

Bajeti ni pauni 300, kwa hiyo mtumba sioni tabu. Dukani wamenielekeza kwenye Bugaboo Donkey, na mtandaoni kila mtu anasifia cha kwake. Cha kukalisha watoto ubavu kwa ubavu, au cha foleni, mmoja mbele mmoja nyuma? Naomba vipimo na sababu, si sifa.

---

Mama Pacha

Hongera mama Nasra, Mungu akufikishe salama.

Majina ya kampuni yaache kwanza. Chukua tepu ya kupimia. Pahali pembamba kuliko pote katika njia yako ya kila siku ndipo panapokuchagulia kigari, wewe utabakiwa na kuchagua rangi.

Anza na milango. Kosa la wengi ni kupima ubao wa mlango badala ya uwazi wake. Mlango wa ndani katika nyumba nyingi za Uingereza ubao wake ni milimita 762, lakini ukiufungua robo duara, unene wa ubao na ukingo wa fremu vinakula sentimita nne au tano, unabaki na 71 au 72. Mlango wa kuingilia flati mara nyingi ni ubao wa 838, uwazi wake unaangukia kwenye sm 78 hivi. Pima karibu na sakafu, usawa wa ekseli ya nyuma, maana magurudumu ya nyuma ndiyo mapana kuliko kitu kingine chochote kwenye kigari. Kisha pima usawa wa kitasa, kwa sababu kitasa nacho kinachomoza.

Sasa linganisha. Donkey ikiwa ya watoto wawili ina upana wa sm 74, ikirudishwa ya mmoja inakuwa 60. City Mini GT2 Double ya Baby Jogger ni kama 76. Mountain Buggy Duet ndiyo nyembamba kati ya za ubavu kwa ubavu, 63 hadi 65 kutegemea toleo. Vya foleni vingi viko kati ya 58 na 66. UPPAbaby Vista kwa mfano ni 65. Kwa hiyo anayekwambia "cha ubavu kwa ubavu hakipiti mlangoni" anasema nusu ya ukweli. Cha 76 hakipiti chumbani kwako. Cha 64 kinapita.

Lifti: ndani kuna kibao kimeandikwa watu wangapi na kilo ngapi. Ya watu 6, kilo 450, kwa kawaida ndani ni sm 100 kwa 125. Ya watu 8, kilo 630, ni 110 kwa 140. Majengo ya zamani yana vipimo vyake, kwa hiyo bado pima. Sasa fikiria lifti ya 100 kwa 125: kigari cha upana wa 76 kinakuachia sm 24 pembeni, na kwa vile urefu wake ni kama mita moja, nyuma zinabaki 25 hivi. Mtu mzima hasimami humo bila kubana tumbo, na wewe utakuwa na mshono au mgongo unaouma. Cha 64 kinakuachia 36 za pembeni, unasimama ubavuni mwa watoto. Cha foleni cha 60 kinakuachia 40, lakini hapo urefu ndio wa kuangalia: vingine kutoka mpini hadi gurudumu la mbele vinafika sm 115 au 120. Chagua chenye mpini unaokunjwa au kuteremshwa, utakuokoa mlango wa lifti unapotaka kufunga.

Usisahau milango ya kuzuia moto kwenye korido, ile inayojifunga yenyewe. Pita kinyumenyume: mgongo wako unasukuma mlango, mikono inavuta kigari.

---

Mjomba Seif

Niongezee la basi, kwa kuwa ndiko aliko dada yetu kila siku.

Nafasi ya katikati ya basi ni ya kiti cha magurudumu. Kwa kanuni za mabasi haipungui sm 130 kwa 75. Vigari vinaruhusiwa kuitumia ikiwa wazi, na mwenye kiti cha magurudumu akija ana haki ya kwanza. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya Januari 2017, dereva hatakiwi kuomba mara moja tu kisha akakata tamaa. Utaombwa usogee au ukunje, na ni haki. Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani si "kinakunjika?" Vyote vinakunjika. Jiulize utakikunja vipi ukiwa na watoto wawili mkononi ndani ya basi linaloyumba. Jawabu la wenyeji ni kupanda basi la njia yenye shughuli ukiwa tayari umemfunga mdogo kwa mbeleko kifuani. Hapo mkono mmoja unamshika mkubwa, mwingine unakunja.

Cha sm 76 kwenye nafasi ya 75 kinatokeza njiani kidogo. Kitaingia, ila kila abiria atakigonga na mfuko wake. Geuza kigari kitazame nyuma ya basi, funga breki, na mkono usikiachie. Kama mlango wa mbele unakubana, mpe dereva ishara akufungulie wa kati, kisha uende mbele kugusa kadi.

Treni: kwenye ramani ya TfL (mamlaka ya usafiri ya London) tafuta alama ya kiti cha magurudumu. Duara la buluu maana yake hakuna ngazi kutoka mtaani hadi ndani ya behewa. Duara jeupe ni hadi jukwaani tu, kisha kuna pengo au kipandio. Elizabeth line stesheni zake zote 41 unafika jukwaani bila ngazi. Katikati ya jiji sakafu ya treni na ya jukwaa zimelingana. Upande wa mashariki, kule juu ya ardhi, kuna kupanda. Hapo ingia kinyumenyume, magurudumu makubwa ya nyuma yatangulie. Ukiingiza yale madogo ya mbele kwanza yanageuka na kuzama kwenye pengo. DLR, zile treni nyepesi za mashariki mwa London, nayo haina ngazi kote, na treni ya Jubilee ya chini ya ardhi kuanzia Westminster hadi Stratford. Eskaleta na kigari cha wawili, kamwe.

---

Wairimu K.

Mimi nitapinga kidogo. Mbona anunue cha wawili?

Hesabu: mkubwa ana miezi 20. Akifika miaka mitatu hatataka kukaa. Hiyo ni miezi 16 tu, na minne au mitano ya kwanza mdogo anaweza kubebwa kifuani. Kigari cha wawili kina kilo 13 hadi 18 kikiwa kitupu. Ongeza watoto kilo 16, ongeza ununuzi wa chini, unasukuma kilo 35 na zaidi kwenye daraja la reli. Mbeleko haihitaji lifti, na lifti za majengo hayo huharibika.

Kigari alichonacho kikae cha mkubwa, mdogo abebwe. Mkubwa akitimiza miaka miwili, nunua ubao wa kusimama unaofungwa nyuma. Mingi inabeba hadi kilo 20, inakubali umri wa kuanzia miezi 24 hivi, na ina kilo tatu tu. Hapo mdogo anahamia kitini, mkubwa anasimama. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kwa kubeba angalia mambo haya: kitambaa kibane hadi mtoto asiteleze ukiinama, uso uuone wakati wote bila kufunua kitu, kichwa kiwe karibu kiasi cha kukibusu, na kidevu kisishuke kikagusa kifua (vidole viwili vipite chini ya kidevu). Kidevu kikishuka njia ya hewa inabanwa bila mtoto kulia, ndiyo sababu ya kuangalia mara kwa mara. Kichanga ni kifuani, si mgongoni kama tulivyozoea kuona nyumbani. Mgongoni ngoja shingo ikaze na uweze kumfunga bila msaada.

---

Mama Pacha

Wairimu, hesabu yako ni nzuri kwa mtoto wa miaka miwili na nusu. Kwa wa miezi 20 ina mashimo mawili. Kwanza, mama akijifungua kwa upasuaji, mbeleko wiki za mwanzo inaweza isivumilike, mkunga atamwambia. Pili, ubao wa kusimama haulaliki. Mkubwa analala mchana. Akisinzia amesimama kwenye ubao anaanguka kama gunia. Kuna mibao yenye kikalio, lakini ukikifunga unasukuma kigari kwa kunyoosha mikono na kutembea umepanua miguu, na kwenye vigari vyepesi uzito ule wa nyuma unainua magurudumu ya mbele. Kabla ya kununua ubao soma kijitabu cha kigari chenyewe: vingine vinakataza kabisa kwa sababu ekseli yake ni bomba jembamba.

Mbeleko nakubaliana nawe, na kila mwenye kigari cha wawili awe nayo. Ila kwa mtu anayetoka kila siku bila gari, na mkubwa bado mkimbiaji, hizo miezi 16 ni siku nyingi. Na akipata mtumba mzuri atakiuza karibu kwa bei ileile.

---

Mama Nasra

Asanteni sana. Nimepima jana jioni. Uwazi wa mlango wa flati sm 77. Mlango wa sebuleni 72. Lifti ni ya watu 6 kweli, mlango wake 80, ndani 100 kwa 126. Kwenye korido hairuhusiwi kuacha chochote, wamebandika tangazo, kwa hiyo kigari kinalala ndani. Ukumbi wetu una upana wa sm 95.

Nimeshafuta vya 76. Nimebaki kati ya cha ubavu chembamba kama Duet na cha foleni. Kinavyosukumika kuna tofauti gani? Na mdogo atalala wapi katika kila kimoja?

---

Mjomba Seif

Tangazo la korido wasikilize, ni mambo ya moto na njia ya kutokea. Kwa ukumbi wa 95, pima kigari kikiwa kimekunjwa na kusimama chenyewe. Kuna vinavyojisimamia na kuna vinavyolala chini tu; cha kulala chini kitawakwaza usiku.

Kusukuma. Cha foleni uzito wake umetawanyika kwa urefu. Ukifika ukingo wa barabara unabonyeza mpini chini ili mbele inyanyuke. Mtoto wa kilo 12 akikaa kiti cha mbele kabisa, mbali na ekseli ya nyuma, ni wewe unayeinua hizo kilo kwa viganja. Ndiyo maana watu wanalalamika kwamba cha foleni "kizito" ingawa kwenye mizani kinalingana na kingine. Cha ubavu kwa ubavu watoto wote wako karibu na ekseli, kinanyanyuka kwa kidole gumba, na kukata kona ni rahisi.

Hatari ya cha foleni ni kupinduka. Chenye kiti cha pili chini nyuma, mtoto wa mbele akishuka kwanza, uzito wote unabaki nyuma. Ukiwa na mfuko umeuning'iniza kwenye mpini kinakwenda chali. Kanuni ya aina hiyo: wa mbele apande kwanza, ashuke mwisho. Mifuko iingie kapuni, na kapu nalo lina kikomo, kwa kawaida kilo 4 au 5, kimeandikwa. Galoni la maziwa, viazi na pakiti ya nepi, umeshafika.

Cha ubavu kina ugonjwa wake: watoto wasiolingana uzito. Kilo 12 kulia na kilo 4 kushoto, kigari kinavutia upande mzito. Njia za miguu nazo zimeinamishwa kidogo kuelekea barabarani ili maji yatiririke, kwa hiyo ukimweka mzito upande wa barabara unapata mivuto miwili kwa pamoja na kiganja kitauma kwa kurekebisha. Mweke mzito upande wa ukutani. Mivuto inapunguzana. Ukirudi njia ileile kwa upande uleule, ndiyo, uzito umegeuka. Basi chagua upande kwa safari ndefu zaidi, au vuka barabara.

---

Mama Pacha

La kulala.

Kichanga alale chali, bapa, kwa miezi kama sita ya mwanzo au hadi akae mwenyewe. Kwa hiyo kila utakachokiona, uliza: ni kiti gani kinachokubali mtoto tangu kuzaliwa? Kuna vya foleni ambavyo kiti cha juu kinakubali kitanda kidogo cha kichanga, na cha chini ni cha mkubwa tu. Hapo angalia kikomo cha cha chini: cha Vista, kwa mfano, ni kilo kama 16. Mkalishe mkubwa wako mwenyewe humo, usimkadirie. Viti vya chini vina kina kifupi, magoti yanapanda na kichwa kinagusa sakafu ya kitanda cha juu, na mtoto mwenye miezi 20 haoni kitu isipokuwa kitambaa. Wanaanza kupiga teke kitanda cha mwenzao. Hilo halimo kwenye tangazo la duka.

Duet viti vyake vinashuka karibu na bapa, na kuna kitanda kidogo kinachouzwa kando cha kufunga upande mmoja, ukimweka mdogo humo na mkubwa ana kiti chake cha kawaida. Ubaya: mkubwa anafikia uso wa mdogo. Miezi ya kwanza utatandaza paa la mdogo likae kati yao. Wengine wanaona ni uzuri, wanashikana mikono. Wanashikana nywele pia.

Kiti cha gari kilichopachikwa juu ya fremu si kitanda. Kinafaa kwa kuhamisha mtoto, si kwa matembezi ya asubuhi nzima, kwa sababu kinamkunja na kidevu kinashuka.

Kwa vipimo vyako mimi ningekwenda na cha ubavu chembamba. Sm 64 kwenye mlango wa 72 inakupa nne kila upande, za kutosha kupita bila kukwaruza vifundo vya vidole. Kwenye lifti utasimama pembeni.

---

Fundi Baiskeli

Salaam. Mimi kazi yangu ni magurudumu, vigari napokea vingi. Kama ni mtumba, dakika kumi za ukaguzi kabla ya kutoa hela. Mauzo ya NCT (shirika la hisani la wazazi) ya vitu vilivyotumika ni mazuri kwa sababu unakiona na kukigusa. Mtandaoni kataa kulipa kabla ya kukiona.

Kwanza kifungue na kukikunja mara tatu nne. Kufuli za pande zote mbili zibane kwa mlio. Kufuli moja ikichelewa, usinunue. Hiyo ndiyo inayokunjika watoto wakiwa ndani. Kikiwa wazi, shika mpini, bonyeza, tikisa kulia na kushoto. Mchezo mdogo ni kawaida. Mlio wa chuma kugongana kwenye bawaba maana yake tundu la ribiti limepanuka, na ribiti haikazwi kama skrubu.

Kigeuze chini juu. Shika kila gurudumu, litikise kwa ubavu. Likicheza, beringi au bushi imekwisha. Lizungushe karibu na sikio: ukisikia kusaga ni mchanga au kutu. Beringi si ghali lakini kujua saizi yake kunahitaji kulitoa, kwa hiyo mpunguzie bei muuzaji au achana nacho. Chomoa magurudumu ya nyuma. Yakigoma kutoka, ekseli imeshika kutu, na siku ya pancha utalia. Nywele na nyuzi zilizojizungusha kwenye ekseli za mbele hazina neno, kata kwa wembe.

Matairi ya hewa yafaa njia mbaya na bustani. Soma saizi iliyoandikwa ubavuni na kiwango cha upepo, kila tairi lina chake. Ujaze kwa pampu ya mkono, tafadhali. Vali nyingi ni zile za gari, na watu wanakimbilia pampu ya kituo cha mafuta. Tyubu ile ndogo inajaa kwa sekunde na kupasuka. Pancha nyingi hapa ni za miiba ya uzio unaopunguzwa majira ya vuli. Ukibadilisha tyubu pitisha vidole ndani ya tairi polepole utafute mwiba, la sivyo tyubu mpya itatoboka palepale. Dawa ya kuziba ya maji inasaidia, weka kabla ya pancha. Matairi ya povu hayapati pancha, lakini yakichakaa upande mmoja hayana dawa, unanunua gurudumu zima.

Kabla ya kusema kigari kimepinda, linganisha upepo. Tairi moja ikiwa laini kigari kinavuta upande huo, na magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka ukienda haraka. Jaza zote sawa, kisukume kitupu kwenye sakafu tambarare na ukiachie. Kikiendelea kukata kona, fremu imepigwa. Wengi wanaleta kigari kwangu kwa tatizo ambalo pampu ya pauni kumi ingemaliza.

Breki: funga, weka mifuko miwili ya mchele ya kilo 10, kila kiti mmoja, ukisukume kwenye mteremko. Kisisogee hata kidogo. Kikiteleza kwa mlio wa tak-tak, meno ya plastiki kwenye gurudumu yamelika. Waya uliolegea unakazwa kwa nati ndogo karibu na kanyagio, hilo ni la dakika mbili.

Mikanda iwe ya pointi tano kwa viti vyote viwili. Klipu ikikwama mara nyingi ni makombo ya biskuti na maji ya matunda. Maji ya uvuguvugu na mswaki. Mafuta usitie, si kwenye klipu wala kwenye magurudumu. Yanashika vumbi na kuwa gundi. Kwenye ekseli tumia silikoni ya kupuliza.

Mwisho stika ya fremu. Tafuta namba ya modeli na kiwango cha EN 1888, ndicho cha usalama wa vigari. Sehemu ya 1 ya kiwango hicho ni ya watoto hadi kilo 15, ya 2 inakwenda hadi 22. Mkubwa wako atafika 15 baada ya kutimiza miaka mitatu hivi, kwa hiyo yote mawili yanakufaa, ila kikomo cha kila kiti kisome. Ukiwa na namba ya modeli tazama mtandaoni kama kampuni iliwahi kuwaita wateja warudishe bidhaa hiyo. Stika ikiwa imebanduliwa, jiulize kwa nini.

Kinuse pia. Vigari vya London vinahifadhiwa kwenye vibanda vyenye unyevu, ukungu unaanzia chini ya godoro la kiti. Madoa meusi madogo kwenye kitambaa yanafuliwa kwa taabu, ndani ya sponji hayatoki.

---

Wairimu K.

Fundi umemaliza. Nami sijabadilisha msimamo, ila kwa miezi 20 nakubali kupoteza mjadala. Mama Nasra, kile chepesi usikiuze. Siku ya kliniki na mtoto mmoja utakishukuru.

---

Mama Nasra

Mmenisaidia mno. Natafuta Duet ya mtumba, na Jumamosi kuna moja ya kwenda kuangalia. La mwisho: Oktoba ni baridi na mvua. Kifuniko cha mvua cha kawaida kitatosha vigari vyote?

---

Mama Pacha

Hapana. Vya wawili nunua cha modeli ileile. Kile cha "saizi zote" kikitandazwa kwenye cha ubavu kinaacha wazi pembe za chini, na maji yanatiririka kwenye miguu ya aliye upande wa upepo. Muulize muuzaji kabla ya Jumamosi kama kifuniko kipo, na akifungue ukione: mipasuko huanzia kwenye zipu na kwenye mikunjo, plastiki ikishakauka haiungwi. Hakikisha kina matundu ya hewa pembeni. Ukiingia dukani au ndani ya basi kivue hata kama unashuka kituo cha tatu, joto linapanda humo haraka kuliko unavyodhani. Jua likitoka, usitandike kanga au kitambaa juu ya paa la kichanga, hata chepesi. Hewa inakatika na joto linabaki. Tumia mwavuli mdogo wa kufunga kwenye fremu.

Baridi: usimfunge mkanda juu ya jaketi nene, unaonekana umebana kumbe umebana pamba, mtoto anachomoka. Mvalishe sweta, funga mkanda hadi kidole kimoja kipite, kisha mtie kwenye mfuko wa miguu au blanketi kiunoni. Mfuko wa miguu wa kigari cha wawili uwe mwembamba: pima upana wa kiti kwanza, kwa sababu kwenye Duet kila mtoto ana nafasi ndogo kuliko kwenye kigari chako cha sasa, na ile mifuko minono ya manyoya inamsukuma mwenzake.

Nenda na mkubwa Jumamosi akae ndani. Na tepu.